Swali Mbele ya Jeneza

Mzee Mahmoud alifariki Alhamisi asubuhi, na kabla sanda haijanunuliwa watu walikuwa wameshaanza kugombana juu yake. Redio moja ya Kampala ilimwita shujaa wa vita vya kaskazini. Redio nyingine, ile wanayoipenda mafundi wa Kamwokya, ilifungua simu kwa wasikilizaji, na mpigaji wa kwanza akasema afadhali ameondoka. Sundus, binti wa marehemu, aliyasikia hayo dukani alipokwenda kununua pamba na kafuri. Mwenye duka alimtambua, akapunguza sauti ya redio, na huko kupunguza kulimuuma Sundus kuliko matusi yenyewe.

Ugomvi wenyewe haukuwa mgeni. Wakati wa vita Mzee Mahmoud alikuwa mtu wa ofisi ya ulinzi, mtu wa suti, si wa gwanda. Kazi yake ilikuwa kuamua kikosi gani kilale wapi. Msimu mmoja mbaya aliwaondoa askari waliokuwa wakilinda kambi ya wakimbizi kando ya mto, akawapeleka kulinda mji. Mji ukasalimika. Kambi ikachomwa moto na waasi, na watu wake wengi wakafa. Waliokuwa mjini walimpa ngao ya shukrani, na ngao hiyo ipo sebuleni mpaka leo. Waliokuwa kambini hawakuwa na pa kumpelekea neno lao.

Mjane wake, Hajati Shamsia, hakuwa na habari ya redio. Alikuwa na jambo moja tu kichwani. Katika siku za mwisho za ugonjwa, mumewe alimwita karibu akamwambia: nikiondoka, lile swali msiliache, na fundi Obita awepo. Shamsia alimuuliza kwa nini asiitwe sasa hivi, wakati ulimi bado unafanya kazi. Mzee akageukia ukutani. Alisema mtu wa cheo chake akiomba msamaha, ni serikali imeomba msamaha, na serikali haikumtuma. Ndivyo alivyokuwa, hata ugonjwa wa kufa haukumvua koti la ofisi. Shamsia aliahidi.

Swali lenyewe kila Muislamu wa mtaa ule analijua. Jeneza haliondoki uani mpaka msemaji wa familia asimame, aseme: ndugu yetu huyu aliishi nanyi, na binadamu hakosi kukosea, aliyekosewa naye na aseme, au amsamehe. Watu hujibu kwa pamoja kwamba wamesamehe. Mara nyingi hujibu hata kabla swali halijaisha, kwa kuwa jua ni kali na kila mtu ana shughuli zake.

Obita hakuwa Muislamu. Alikuwa Mwacholi wa kaskazini, fundi wa kuchomelea mageti, karakana yake ng'ambo ya barabara, ikitazamana na dirisha la Shamsia. Mkewe na watoto wake walikufa katika kambi ile. Kila Idi Shamsia alimpelekea sahani ya pilau. Mtaani pale sahani ya jirani hairudi tupu; hata mwenye dhiki hutia ndizi mbili. Ya Obita ilirudi imeoshwa, imekaushwa, na haina kitu. Shamsia alielewa, na Idi iliyofuata alipeleka tena.

*

Kanali Oryem alifika kabla ya saa sita, na bendera imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alivua viatu mlangoni. Alimpa pole Shamsia kwa kupitia pazia, maana mama alikuwa ameshaingia edani, akamwita Mama kama alivyokuwa akimwita tangu zamani. Wakati wa vita Oryem alikuwa luteni kijana aliyefuatana na Mzee Mahmoud kila safari, na kila waliporudi alikula meza moja na watoto wa nyumba ile. Shamsia alimpenda. Alikumbuka pia safari moja ambayo luteni alirudi, akawekewa chakula, akakitazama mpaka kikapoa.

Kanali alileta ujumbe kwamba wakubwa wanaomba maziko yangoje Jumamosi, ili mkubwa mmoja apate nafasi ya kuhudhuria. Shamsia alijibu kutoka nyuma ya pazia kuwa hii ni maiti, si harusi, haingoji mgeni rasmi. Kanali alipiga simu, akarudi, akasema basi, itakuwa leo leo baada ya alasiri. Bendera itafunika jeneza, hotuba itasomwa. Fahim, mtoto wa kwanza wa marehemu, alishusha pumzi.

Fahim ana duka la uchapaji Wandegeya, karibu na chuo, pale wanafunzi wanapochapisha tasnifu zao usiku wa kuamkia siku ya kuziwasilisha. Alikuwa ameshachapa ratiba ya maziko kwenye karatasi nzito, na picha ya rangi ya baba yake. Wazee wa msikiti waliigeuza geuza ile karatasi kama watu waliopewa menyu ya hoteli. Hawajazoea mtu kuzikwa kwa ratiba. Kanali aliisoma kwa makini, akamvuta Fahim pembeni, nyuma ya tangi la maji.

"Hii kitu ya kuuliza watu samahani, toa," alisema. "Waandishi wa habari wako hapa. Mutu mubaya anaweza kusimama aseme."

"Ni desturi yetu, afande. Kila maiti anaulizwa."

"Najua. Mimi nimezika Waislamu wengi. Lakini bendera inasema muzee hakukosa. Sasa wewe tena unauliza kama alikosa. Hizo vitu mbili haziwezi kusimama pamoja."

Fahim hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliopita baraza la mtaa lilisimamisha kibao chenye jina la baba yake kwenye barabara yao, na asubuhi ya pili kibao kikakutwa kimepakwa lami. Alikwenda mwenyewe kukisugua kwa mafuta ya taa huku wapita njia wakimtazama, wengine wakimpa ushauri wa namna ya kusugua. Mwanawe alirudi shuleni akauliza kama ni kweli babu alichoma watu. Bendera juu ya jeneza, mbele ya kamera, ingekuwa jibu la kumpa mtoto yule. Alirudi dukani, akaufuta mstari mmoja, akachapa ratiba upya.

*

Sundus ndiye aliyeiona ratiba mpya na pengo lake. Alimwonyesha mama yake, na Shamsia akaomba Fahim aitwe. Wanawake waliokuwa wakisoma Yasini walishusha sauti, si kwa heshima, bali wasikie vizuri.

"Mama, tukiuliza tumekiri," Fahim alisema. "Kesho gazetini wataandika familia imekiri."

"Nyanya yako alipokufa tulimuulizia. Kwani alikuwa amechoma nani?"

"Nyanya hakuwa serikali."

"Baba yako aliniachia maneno. Mimi nimeahidi, Fahim. Siwezi kumlaza kaburini na ahadi yangu imevunjika."

Fahim alisema kwa upole kuwa baba alikuwa mgonjwa, na mgonjwa husema mengi. Alisema kanali ameeleza wazi kwamba swali likiulizwa bendera inaondoka. Shamsia alijibu basi iondoke, yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na bendera. Mwanamke mmoja alicheka kwa bahati mbaya, akajifanya anakohoa.

"Wewe uko edani, mama," Fahim alisema hatimaye. "Mambo ya uani tuachie sisi."

Maneno yale yalimkata Shamsia kwa sababu yalikuwa kweli. Msemaji ni mtoto wa kiume. Mjane hukaa ndani, asubiri miezi yake iishe, na watu humletea uji. Katika nyumba aliyoiendesha tangu ujana, hii ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa mahali pake na mtoto aliyemzaa, tena mbele ya majirani. Alivumilia mpaka Fahim akatoka, kisha akalia. Hakulia sana. Alifuta uso kwa ncha ya mtandio, akamtuma Sundus kwa Obita.

Sundus alimkuta fundi anasugua kutu kwenye geti la mtu. Alisimama barabarani bila kujua aanzie wapi, maana tangu utoto wake alimsalimia mzee huyu kila siku na hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Akasema mama anamwomba afike uani kabla ya jeneza kuinuliwa. Kwamba marehemu mwenyewe aliomba awepo.

Obita alizima mashine. "Muzee aliomba mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Wakati alikuwa nzima hakuomba." Alivua glavu moja, akaivaa tena. "Nitakuja. Kwa mazishi mutu anakuja. Lakini ambia mama yako, mimi sina samahani ya kugawa. Wenye samahani ni wale walikufa, na mimi sijui hata wako wapi."

Sundus alirudi akamwambia mama yake neno kwa neno. Shamsia alimwambia ayarudie yale ya mwisho, akayarudia.

*

Baada ya alasiri uani palijaa. Hema lilikuwa la bluu, viti vya plastiki vya kukodi, na mwenyekiti wa LC, lile baraza la mtaa, alijipatia kiti cha mbele bila kuombwa. Waandishi wa habari walikaa chini ya ngazi. Jeneza liliwekwa katikati; shuka la kijani lenye maandishi ya Kurani lilikunjwa nusu ili bendera ipate nafasi. Shehe Mubarak, imamu wa msikiti wao, aliitazama ile bendera kwa jicho la pembeni, lakini hakusema kitu, maana yeye na Fahim walikwisha kujadiliana na alishindwa.

Kanali alisoma hotuba ya wakubwa. Ilikuwa ndefu. Ilisema marehemu aliokoa maelfu, kwamba maamuzi ya vita si maamuzi ya sokoni, na kwamba vizazi vitamshukuru. Nyuma kabisa, kwenye mlango wa uzio, Obita alisimama na kofia mkononi. Alikuwa amenawa, amevaa shati safi. Watu waliomfahamu waligusana viwiko.

Kisha Fahim akasimama. Alisoma habari za baba yake vizuri, bila kukwama: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alistaafu lini. Alishukuru jeshi, alishukuru LC, alishukuru waliotoa hema. Alipofika mahali pa swali alikunja karatasi, akasema wanaume wajitokeze wambebe mzee. Shehe Mubarak alikohoa. Fahim hakumtazama. Alishika mwenyewe mguu wa mbele wa jeneza, wenzake wakashika, wakasema bismillahi, wakanyanyua.

"Hamjauliza."

Sauti ilitoka dirishani, upande wa wanawake. Haikuwa kubwa, lakini kila mtu aliitambua.

"Hamjauliza," Shamsia alisema tena. "Basi nauliza mimi. Mume wangu Mahmoud alikaa nanyi. Aliyekosewa naye aseme."

Wabebaji walibaki wamesimama na jeneza mabegani. Mtu mmoja au wawili, kwa mazoea, walisema tumemsamehe, lakini sauti zao zilikufa njiani. Fahim alihisi mzigo unamlemea, si wa baba yake tu. Angeweza kupiga hatua moja, watu wangemfuata, na mambo yangekwisha. Alitazama dirishani. Kisha akapiga goti, na wenzake wakalazimika kushuka naye, jeneza likarudi chini.

Obita alisogea mbele polepole. Watu walimpisha.

"Mama, mimi sikuja na vita," alisema. "Nauliza kitu moja. Siku ile mimi nilikuwa kwa shamba. Nimerudi asubuhi, kambi imeungua, watu hakuna. Wakaniambia gari ya jeshi ilibeba wale walikufa. Ilipeleka wapi? Bibi yangu Layet. Mutoto yangu Komakech, na ile ndogo, Lakot. Nimeuliza kambini, nimeuliza ofisi zote, nimeuliza kanisa. Huyu muzee nilimuuliza hapa hapa kwa barabara. Akasema mambo ya vita iko siri. Sasa siri inaenda na yeye kwa shimo."

Mwandishi mmoja aliinua simu apige picha, Shehe Mubarak akamnyooshea kidole, naye akaishusha.

"Mimi sijui, baba," Shamsia alisema kutoka dirishani. "Wallahi, sikuambiwa." Akageuza uso upande wa kanali. "Oryem. Wewe ulikuwa naye."

Kanali alikuwa ameshika kofia yake ya jeshi kwapani. Alisema kwa sauti ya chini kuwa hapa si mahali pake, kwamba jambo kama hili lina ofisi, kwamba yeye mwenyewe atalifuatilia wiki ijayo.

"Nilikupikia, hukula," Shamsia alisema. "Siku mliyotoka huko. Nikakuuliza mwanangu una nini, ukasema umechoka. Nikakuacha. Leo sikuachi. Mume wangu hatoki hapa mpaka huyu ajibiwe."

Kanali alimtazama Fahim, kama anayengoja msaada. Fahim alikuwa bado amepiga goti, mkono juu ya jeneza, macho chini. Kanali akamtazama Shehe, na Shehe akasema tu kwamba maiti anangoja. Pale uani, mbele ya watu wote, jasho lilimtoka mtu aliyekuwa ametoka kusoma hotuba bila kumeza mate. Hatimaye alimkaribia Obita, akamwambia maneno machache kwa Kiacholi.

Obita hakusogea.

"Sema kwa Kiswahili," Shamsia alisema. "Wote wasikie."

"Nyuma ya ghala ya pamba," Kanali alisema, sasa kwa sauti ya kusikika. "Ile ya zamani. Pale muto inapinda, iko mivule. Shimo ni moja. Tulizika usiku na mchana yote. Mimi pia nilichimba." Alipangusa uso. "Muzee alisimama hapo mpaka mwisho. Akasema tusiandike mahali yoyote. Mimi sikuandika."

Mwenyekiti wa LC aligundua kuwa yeye peke yake amekaa, akasimama.

"Upande gani ya muto?" Obita aliuliza.

"Huu wa barabara."

"Mivule bado iko?"

"Mwaka juzi nilipita. Iko."

Obita aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia na anaogopa kuisahau. Kisha akamgeukia Fahim. "Peleka muzee yako," alisema. "Jua inaenda."

Kanali aliinama, akaitoa bendera juu ya jeneza mwenyewe, akaikunja vibaya, pembe moja ikining'inia, akaishika kifuani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Fahim alilivuta shuka la kijani likafunika jeneza lote. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Shehe Mubarak akaanza tahlili, wanaume wakanyanyua, msafara ukaelekea kwenye magari ya kwenda makaburini upande wa Kawempe.

Dirishani Shamsia alingoja. Alikuwa na haki ya kulingoja neno moja, ndivyo alivyodhani. Swali limeulizwa, jibu limetolewa, sasa na lije. Obita alibaki uani mpaka vumbi la magari likatulia. Alivaa kofia yake, akaja mpaka chini ya dirisha, akasimama bila kuinua uso, kama inavyofaa kwa mwanamume mbele ya mjane.

"Mama Fahim," alisema, "kesho napanda basi ya kaskazini. Sijui nitakaa siku ngapi. Karakana yangu hakuna mutu. Utaniangalia vyuma?"

"Nitaangalia," alisema Shamsia.

Obita alishukuru, akavuka barabara. Samahani hakuitaja, na Shamsia, kwa mara ya kwanza siku ile, hakuwa na la kuuliza. Nyuma yake wanawake walianza tena Yasini. Alivuta kiti, akakiweka mahali anapoweza kuuona mlango wa karakana, akakaa.